Gunia la Sukari Alilopewa Makokha kwa Kuanguka

Walukuba, Jinja.
Jumatatu, baada ya dawa za asubuhi.

Kwa Mzee Yekosofati,
Mwenyekiti (sasa mstaafu) wa Jopo la Waamuzi,
Mashindano ya Kuteleza ya Ufufuaji,
Namakwekwe, Mbale.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUTENGUA MATOKEO KABLA SIJAFA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana ukifa kabla ya kuijibu nitahesabu kwamba umenikwepa. Mimi si mzima. Daktari ameniambia niweke mambo yangu sawa. Watoto wangu walidhani anazungumzia shamba la Buwenge, wakaanza kunitembelea kwa wingi. Shamba nilishaligawa zamani. Jambo langu lililobaki ni wewe.

Nakuandikia kwa Kiswahili, ingawa najua wewe na Wagisu wenzako wa rika letu mkikisikia bado mnapapasa mifuko kutafuta kitambulisho. Usiogope, bwana, humu hamna askari wala kizuizi cha barabarani. Ni kwamba ulitangaza matokeo kwa Kiswahili ili yule afande wa Tanzania akuelewe, na mimi nakata rufaa kwa lugha ya hukumu.

Kama umesahau, nikukumbushe. Vita vya kumng'oa yule mkubwa vilikuwa vimepita juzi tu. Ndani ya ukumbi wa Mbale walikuwa wamelala askari waliokuwa wakikimbia, kisha mbuzi wasio na mwenyewe, kisha askari wa Tanzania waliowala wale mbuzi. Sakafu ilikuwa na tabaka ambalo sitalieleza katika barua ya heshima. Kamati yetu ya Ufufuaji, ya kuurudishia mji uhai, haikuwa na polishi wala brashi. Tulikuwa na mishumaa, mafuta ya taa na mablanketi ya jeshi. Ndipo mimi, Mwalimu Bakhit, mtu pekee katika kamati aliyewahi kusomea nchi ya baridi, nikatoa wazo: tukwangue sakafu, tuyeyushe mishumaa, tukate mablanketi, kila mtu ajifunge vipande miguuni, kisha tushindane kuteleza kama wanavyofanya Wazungu juu ya barafu. Sakafu ingeng'aa na watu wangecheka. Wakati ule vyote viwili vilikuwa vimeadimika.

Nilikuandikia pia kanuni za kuhukumu. Ulizikunja ukaziweka chini ya mguu mfupi wa meza. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Hukutazama magoti. Mtelezaji wa kweli hukunja magoti taratibu, kama mtu anayeshuka mtoni bila kutaka kuyatikisa maji, na mwendo wote hutoka hapo. Asiye na magoti hupigapiga sakafu kwa miguu kama anayefukuza kuku. Washindani wako wote siku ile walifukuza kuku. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Zulaika, binti wa Mzee Umaru, aliyekuwa akisaidia kupika chai ya wageni. Alikuwa na trei mikononi, vikombe vimejaa mpaka mdomoni. Magoti yake yalikunjika mara moja, chini kabisa, na yakabaki hivyo hivyo hadi mwisho. Wewe ulikuwa unatafuna karanga.

2. Hukujiuliza anasukumwa na nini. Kule nilikosoma nilimwona mama mmoja mtu mzima akiteleza kwenye bwawa lililoganda. Hakuruka hata kidogo. Alikuwa anakwenda tu, na kadiri alivyokwenda ndivyo alivyozidi mwendo, wala mguu hauonekani kufanya kazi. Watu walisimama kando wakisahau sigara zao mpaka zikawaunguza vidole. Nilimuuliza mwenyeji wangu, "Huyu anasukumwa na nini?" Akanijibu, "Ukishajua, utakuwa umeelewa mchezo wote." Mimi mwenyewe nilijaribu siku moja na sikukaa kitako wiki nzima, kwa hiyo sikujua. Lakini Zulaika alipotoka jikoni na kuanza kuongeza mwendo bila kusukuma chochote, nilijua kwamba nipo tena mbele ya siri ile.

3. Hukuona alivyoegemea. Kiatu cha barafu kina chuma chenye kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mtelezaji wa kawaida hukaa katikati, akaenda moja kwa moja kama anayewahi msalani. Fundi hulalia ukingo mmoja, mwili wote ukaegemea mpaka unadhani amekwisha, na badala ya kuanguka anachora duara pana. Zulaika alipofika mbele ya jukwaa, pale ambapo wenzake walijigonga mmoja baada ya mwingine, alilalia upande wa kushoto, akazunguka viti vyote vya waalikwa, kisha akageuka akaenda kinyumenyume kwa mguu mmoja, wa pili ukiwa hewani. Kinyumenyume, Mheshimiwa, na chai! Mabati ya ukumbi yalikuwa na matundu ya risasi na jua lilidondosha vitone sakafuni. Alivipita kimoja kimoja, utadhani ndiye aliyevipanga.

4. Hukusikia kimya. Mablanketi ya wengine yalikwaruza ukumbi mzima. Yeye alikuwa na soksi tupu za jeshi, uamuzi wa kisanii ambao mpaka leo unanishangaza. Hakutoa sauti. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, midomo ikichezacheza kidogo, uso umejaa jambo kubwa. Hayo ndiyo mambo ambayo hakuna mwalimu anayeweza kumfundisha mtu. Alimalizia mbele yangu, karibu na ukuta, akanikabidhi trei kifuani. Hakuna tone lililomwagika.

Hapa naomba kuungama jambo, maana sitapata nafasi nyingine. Nilipokwenda kuposa nilimwambia Mzee Umaru kwamba nimevutiwa na dini ya binti yake. Mzee alifurahi sana. Ukweli ni kwamba nilivutiwa na jinsi alivyogeuka kinyumenyume mbele ya jukwaa. Dini niliikuta baadaye, na nyingi, lakini haikuwa imenipeleka pale.

5. Ulimpa Makokha. Sina ubaya na Makokha. Alikuwa dereva wa lori kutoka Kenya, amekwama Mbale kwa kukosa tairi, na mtu aliyekwama ana haki ya kujiburudisha. Lakini alifanya nini? Alikimbia kutoka mlangoni, akaruka, akazunguka hewani mara moja na kidogo, akatua kwa makalio juu ya meza yako. Mguu mfupi wa meza ukavunjika na kanuni zangu zikatoka. Watu wakapiga kelele, "Afande, huyo ni panzi! Mpe sukari!" Afande kapteni, mgeni wetu wa heshima, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nadhani hakuwa amecheka tangu avuke mto Kagera. Wewe ukamtazama afande, ukaitazama bunduki iliyoegemezwa kwenye kiti cha afande, ukasimama na karanga mkononi ukatangaza, "Mshindi ni Makokha, kwa sababu yeye ameenda juu!" Gunia zima la sukari, Mheshimiwa, wakati ambapo watoto wa Mbale walikuwa hawajui sukari ina rangi gani.

Uovu huo haukuishia pale. Makokha sasa ni mzee wa kanisa huko Malaba, na kila akialikwa harusini husimulia ule mruko. Miaka ya kwanza alikuwa amefika juu ya meza. Baadaye akafika usawa wa madirisha. Mwaka jana, nasikia, alizunguka mara tatu na akaona mji wa Tororo kupitia matundu ya risasi.

6. Uliitupa rufaa yangu papo hapo. Nilikufuata nikiwa bado nimeshika trei. Uliniambia, nakumbuka neno kwa neno, "Mwalimu, huyo ni mama wa chai. Hakujiandikisha. Amepita tu." Mheshimiwa, nimelifikiria jibu hilo maisha yangu yote na sasa niko tayari kulijibu. Ndiyo, amepita tu! Hicho ndicho kilele cha ufundi. Anayeruka anataka umtazame. Anayepita tu, ukajikuta umemtazama, huyo ndiye mtelezaji. Kumnyima ushindi kwa sababu ameufanya uonekane si kitu ni sawa na kumnyima mpishi sifa kwa sababu chakula kimekwisha.

7. Umeiharibu dunia. Silisemi hili kwa hasira. Mjukuu wangu Fatumah ameniwekea runinga karibu na kitanda, na juzi nilikuta mashindano ya barafu. Binti mmoja aliteleza hivi kwamba sikumsikia. Alibadilisha upande, mbele, nyuma, kushoto, kulia, bila kupoteza mwendo, akaijaza barafu yote kona hadi kona. Wakamweka wa tano. Msichana mwingine aliyejirusha hewani mara nne kama nguo iliyopeperuka kwenye kamba, akaanguka mara mbili, wakampa dhahabu. Nililia. Familia ilidhani ni moyo, wakaita daktari na imamu kwa pamoja, na imamu akawahi. Nilipomweleza tatizo aliuliza kama ningependa asome kitu kifupi au kirefu. Nimetafuta chanzo cha upotovu huu na kila nikirudi nyuma nafika kwenye meza yako. Dunia ilijifunza wapi kumzawadia anayeanguka? Mimi nilikuwepo ilipoanza.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo. Utangaze kwa maandishi, na kwa sauti siku ya Ijumaa mbele ya msikiti wetu hapa Walukuba, kwamba mshindi halali ni Zulaika. Makokha arudishe gunia, na kama sukari imekwisha kunywewa, arudishe gunia tupu pamoja na maelezo. Ukumbi ule upewe jina la Zulaika, na juu ya mlango wa jikoni kiwekwe kibao cha kuonyesha alipotokea. Waamuzi wote wa barafu duniani waletwe Mbale kwa semina, wapewe soksi na trei ya chai, na asiyeweza asihukumu tena.

Na mwisho kabisa, kwa kuwa wewe ni mmoja wa watu watakaonizika, utake usitake, naomba usimamie wabebaji wa jeneza langu. Wakunje magoti. Wasitikise. Kwenye kona ya barabara ya makaburini waegemee kidogo upande wa ndani na wasipunguze mwendo. Kwa hali yoyote ile, mtu asiruke.

Msalimie mama watoto, watoto, na majirani wote wa Namakwekwe pamoja na wale wa boda boda waliowahi kunibeba polepole. Wazee wenzetu wa kamati waliobaki, kama wapo, wasalimie pia. Makokha msalimie nusu.

Ni mimi, mtiifu wako katika mambo mengine yote,

Mwalimu Bakhit Marjan

N.B. Nilipomwomba Zulaika aniletee bahasha alitaka kujua kisa, nikamsomea barua yote. Alicheka mpaka akakaa chini, na kwa umri wake kumwinua ilibidi tumwite Fatumah. Ananiambia, "Baba Sofia, miaka yote hii ulidhani nilikuwa nacheza?"

Anasema jikoni walimwambia avue viatu asichafue nta, wakampa soksi. Hakuna aliyemwambia kwamba sakafu ile ina mteremko, ili maji ya kuoshea yatoke nje. Alipokanyaga tu akaanza kwenda. Alikunja magoti kwa woga. Aliegemea kwa sababu trei ilimvuta. Aligeuka kinyumenyume asione atakachokigonga. Hakupiga kelele kwa sababu alikuwa anatoa shahada, akijua amekwisha. Nilipomuuliza kwa nini basi alimalizia kwangu katika ukumbi mzima, alisema ilikuwa ama mimi ama ukuta, na ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mbichi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naondoa lalamiko la kwanza, la pili, la tatu na la nne, na nadhani na yaliyobaki. Ulikuwa sahihi. Alikuwa anapita tu. Makokha msalimie nzima. Zulaika anasema hata hivyo sukari aitume.

Nimemuuliza kama angechagua ukuta iwapo chokaa ingekuwa imekauka. Amekwenda kupika chai. Sasa namsikia anarudi kutoka jikoni, anasimama kila baada ya hatua mbili, magoti hayakunjiki tena hata kidogo, kandambili zinaburuzwa kelele nyumba nzima na vikombe vinagongana. Kwa kanuni zangu zote hiyo ni sifuri. Naweka kalamu chini. Nimenyoosha mikono niipokee trei.