Chuma Kilichokandamiza Barua Zangu

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nawaandikia wastaafu wenzangu wa kundi hili kabla hamjapata taarifa za sokoni, ambazo tayari zina chumvi.

Mnafahamu kwamba mimi ni katibu wa mashine ya kusaga ya mtaa wetu hapa Kilosa. (Ukatibu wa kujitolea, lakini ni ukatibu.) Kwa wiki tatu mashine hiyo imetikisika hadi kuangusha madebe ya watu. Niliandika barua nne za malalamiko. Ya nne ilipendekeza kwamba mwendeshaji, Bwana Salehe, aondolewe kazini kwa uzembe. Kikao cha kumjadili kilikuwa leo, saa nne asubuhi.

Salehe alisema neno moja tu: "Mzee Katibu, mimi sijaigusa. Mwiteni fundi kwanza."

Akaitwa Bi Anjela wa Mikumi, ambaye kazi yake ni kusawazisha magurudumu ya malori.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Andika jina na saa ya kufika." (Aliandika. Utaratibu ni utaratibu.)

Akavua mkanda, akalizungusha gurudumu la mashine kwa mkono, akaliacha lisimame lenyewe. Upande ulioishia chini akautia chaki. Akazungusha tena. Chaki ikarudi chini! Mara ya tatu, chini!

"Upande huu umeuzidi mwenzake uzito," akasema. "Likienda kasi, lazima mashine iruke. Na huku mkabala naona matundu ya bolti. Palikuwa na chuma cha kusawazisha. Nani kakitoa?"

Nikasimama kwa ghadhabu. "Hilo halihitaji mjadala. Daftari la matukio ninalo!" Nikasoma mbele ya kikao, kwa sauti ya ofisini: "Jumamosi. Usafi wa jumla. Katibu amefungua na kuondoa chuma kisicho na kazi, kilichoharibu mwonekano wa gurudumu."

Kwenye neno "Katibu" ndipo nilipomtambua mkosaji. Lakini kumbukumbu haisomwi nusu, nikaendelea: "Jumatatu. Mashine imeanza kutikisika."

Kisha mwenyekiti wetu, Bi Mwanaidi: "Rudia, Katibu! Huku nyuma hatujasikia!"

"Na hicho chuma kiko wapi?" akauliza fundi.

"Mezani kwangu," nikajibu. "Kimekandamiza barua za malalamiko."

(Hapo hata Salehe alishindwa kujizuia.)

Nikakifuata mwenyewe. Kikafungwa, mashine ikawashwa. Bi Anjela akaweka kikombe cha maji juu yake. Maji yakatulia kama yako kabatini. Akina mama wakapiga vigelegele, foleni ya mahindi ikasogea. Salehe akanipa mkono: "Mzee Katibu, barua ya tano niandike mimi?"

Nimeiandika mwenyewe. Inafuta zile nne, inamwomba radhi, na inathibitisha kwamba anaendelea na kazi. Zile nne sasa zinapeperuka mezani, hazina cha kuzikandamiza.

Anayetaka kucheka ajiandikishe kwanza, jina na saa.