Mkaguzi wa Usiku

Jumatatu, 3 Juni

Jana usiku amenyonya mara saba. Saa tatu, saa tano, saa sita, saa nane kasoro robo, saa tisa, saa kumi, na saa kumi na moja alfajiri. Mimi niliposhuka kitandani, yeye ndipo akalala fofofo. Miezi kumi na mmoja! Ana meno sita! Namwita Mkaguzi, maana kila saa lazima apite kuhakikisha kama bado nipo.

Kazini nimeshona mashati kumi na manane ya sare za shule, yote yana mikono miwili ya kushoto. Msimamizi ameyatundika ukutani kila mtu ayaone. Amesema kosa jingine kama hilo natoka kwenye cherehani, nahamia meza ya vifungo. Meza ya vifungo! Huko wanakaa wanaojifunza. Miaka sita nimeipigania ile cherehani ya dirishani.

Sindano, jirani yangu wa cherehani, amenipa pole kwa sauti iliyofika getini. Ana mtoto wa rika la wangu. Anasema wa kwake analala saa mbili usiku, haamki mpaka asubuhi, tangu ana miezi mitatu. Hakuna aliyemuuliza.

Jumanne, 4 Juni

Nimeomba ruhusa ya asubuhi, nikampeleka Mkaguzi kliniki. Nesi akasema mtoto ni mzima. Akauliza mchana nashinda wapi. Nikamwambia kazini mpaka saa kumi na mbili jioni, mtoto anabaki na mama mkwe, uji anaonja tu, maziwa ya kikombe anatema. Basi, akasema, anakutafuta usiku kwa sababu mchana hakupati. Nikirudi nikae naye chumbani, kimya, anyonye ashibe, kabla sijashika sufuria.

Kukaa! Ndiyo dawa hiyo? Nilitegemea angalau chupa yenye lebo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yule binti hajazaa bado.

Nyumbani mama mkwe akasema yaleyale: mtoto anashinda akiangalia mlango. Nikajua wamepanga.

Usiku nimetekeleza mpango wangu. Bakuli zima la uji mzito, azimike mpaka asubuhi. Amekula lote! Nikalala nikitabasamu. Amenyonya mara saba, na ya nane akautapika uji kwenye mto wangu.

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili: Baba Mtoto. Abembeleze yeye, mimi nilale sebuleni. Tatizo, yeye ni fundi rangi, ananuka tapentaini hata akioga mara mbili. Mtoto akimnusa tu anajua anadanganywa. Kwa hiyo nimemletea gauni langu la kulalia, lile la maua, nililolivaa siku nne bila kulifua, ili linuke mama. Akagoma. Akasema yeye ni mtu mzima na heshima zake. Nikamwambia na mimi nilikuwa na heshima, sasa zimetundikwa ukutani, zina mikono ya kushoto. Akavaa. Limembana makwapani.

Sikulala. Nilijilaza kwenye kochi nikisikiliza ukuta. Mkaguzi alilia nusu saa nzima. Maziwa yakanilowesha mpaka mto wa kochi. Nikalia na mimi, kisha nikaenda kumchukua. Baba Mtoto alikuwa anakoroma ndani ya maua yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimejishona. Sijui niandikeje vinginevyo. Saa nane mchana nilifumba macho dakika moja tu. Kuzinduka, mkono wa blauzi yangu umeshonwa kwenye kola ya shati la shule, mshono umenyooka kweli kweli. Nikainuka, shati likainuka. Msimamizi hakufoka. Alichukua mkasi, akanitenganisha taratibu, akasema Jumatatu niende kwenye vifungo. Heri angefoka.

Sindano alihamia dirishani kabla kiti changu hakijapoa. Nimelia chooni, bomba nimelifungulia wasinisikie. Nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Jumanne, 11 Juni

Vifungo. Huku kazi inaisha saa nane mchana. Narudi nyumbani jua bado kali, sina la kufanya, sitaki kuonana na mtu. Nafunga mlango wa chumba, najilaza na Mkaguzi. Ananyonya, mimi naangalia dari na kuyasikitikia maisha yangu. Ananyonya tena. Ananishika pua. Jioni inaingia tukiwa hapohapo. Mama mkwe alichungulia, akasema endelea hivyohivyo. Hata yeye anafurahia kuanguka kwangu!

Usiku Baba Mtoto na gauni kama kawaida. Sikati tamaa. Mara nne.

Alhamisi, 13 Juni

Mara mbili! Gauni linafanya kazi!

Leo nimemfuma Sindano stoo, amelala juu ya marobota ya vitambaa, mdomo wazi. Akakurupuka, akasema anahesabu marobota. Kumbe na wa kwake haulazi mji! Nimefurahi mpaka nikaona aibu kidogo.

Ijumaa, 21 Juni

Mara moja tu, usiku wa tatu mfululizo. Makosa kazini, hakuna. Msimamizi amenirudishia cherehani ya dirishani. Nesi na kukaa kwake! Ningemsikiliza, ningezeekea kwenye vifungo.

Nimemfunulia Sindano siri ya gauni. Mumewe ni mnene, nikamshauri alipasue mgongoni. Alinishukuru, macho mekundu.

Kisha Msimamizi akauliza nani atabaki zamu ya jioni, mpaka saa tatu usiku, miezi mitatu, sare za muhula mpya. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Wajue mimi ni nani!

Nilipomweleza mama mkwe, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui alikuwa anamsema nani.

Mkaguzi nilimkuta amekaa sakafuni, anauangalia mlango. Akaninyooshea mikono. Nikamwambia asubiri, mama ana shughuli. Nimelifua gauni kwa sabuni nyingi, nimelisuuza mara tatu, nimelipiga pasi. Halina harufu hata chembe. Kuanzia Jumatatu lina kazi kubwa.