Bendi ya Anga za Juu Yaingia Kanisani Tawa

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe. Nawaandikia nyinyi marafiki mlio Nairobi kabla Mutua hajawasimulia na kutia chumvi yake.

Bendi yetu mnaijua: mimi gitaa, Mutua ngoma, na Kioko, yule fundi wa redio, besi. Tunapiga muziki wa anga za juu. Wimbo ni mmoja, dakika ishirini, hauna maneno (huko juu nani ataimba?). Kwa miaka mitano tumepanda jukwaani mara mbili. Nunguni watu waliondoka dakika ya tatu. Ikutha, sokoni, walibaki mbuzi, nao kwa sababu walikuwa wamefungwa kamba.

Leo kulikuwa na harambee ya paa la kanisa hapa Tawa. Pasta alituahidi: "Mkimaliza wimbo wenu na watu wangu bado wako ndani, ukumbi na jenereta ni zenu kila Jumamosi."

Jenereta! Sisi tunaofanya mazoezi kwa betri ya trekta!

Nikavaa joho nililolishona kwa karatasi za kung'aa za pakiti za sigara. (Kanisani. Najua.)

Pasta akasema, "Tusimame tuwapokee vijana." Watu wakasimama. Kioko akapiga noti moja nzito, ikapita kwenye kisanduku cha mwangwi alichokiunda kwa redio kaseti mbovu, madirisha yakatetemeka: vuuuuum. Nikafumba macho, nikapaa.

Dakika ya tatu nikafumbua jicho moja. Hakuna aliyeondoka! Wote wamesimama, vichwa chini, kimya. Mama Kalondu anatokwa na machozi.

"Mutua," nikanong'ona, "wametuelewa!"

Kwa furaha nikaongeza dakika kumi. Nikapiga magoti. Nikalala chali. Gitaa likalia kama roketi yenye uchungu wa kuzaa.

Tukamaliza. Nikanyoosha mikono, bado niko chali, nipokee makofi.

Mzee Nzioka, benchi la mbele, macho bado kayafumba, akaita: "Asi! Mwanangu, sema Amina basi! Magoti yananiua!"

"AMINAAA!" Kanisa zima likaitikia, likaketi kwa kishindo.

(Kwetu mnakujua. Ukiambiwa simama, halafu kinanda kikanguruma kama besi ya Kioko, hayo ni maombi, na hakuna anayefumbua macho kabla ya Amina.)

Sasa wakafumbua. Wakaniona: mtu mzima, sakafuni, anang'aa kama sufuria mpya.

"Maombi mazuri sana," Pasta akasema. "Haya, sasa tupigieni wimbo."

"Pasta, ndio huo."

"Upi?"

Mama Kalondu akaanza kucheka. Kanisa likamfuata. Hata Kioko, msaliti yule.

Ahadi ni ahadi, jenereta tumepewa. Ila kuna sharti: kila Jumamosi tutapiga kwenye ibada ya maombi, na joho libaki nyumbani.

Nawasihi msicheke. Na siku mkiona watu wamekataa kuondoka, kwanza ulizeni kama wanasubiri Amina.