Bunduki ya Opio na Pua Yangu

Leo nimeaibika mbele ya kikosi kizima, na shahidi wangu ni hii pua. Lakini kabla sijaanza, Hamisi, ongeza sauti ya redio. Ongeza tena. Hapo hapo. Haya, sasa jirani anasikia ngoma tu, tunaweza kuzungumza.

Na wewe usianze kucheka. Hata stoo bado sijafika.

Mnajua mimi ni dereva. Kazi yangu miaka yote ni lori la kikosi cha kuzuia wanyama. Napeleka wawindaji kwenye mashamba ya watu, nawangoja, nawarudisha. Wao wanapambana na nyati, mimi nimekaa kwenye usukani nimefunga vioo. (Kioo kimoja hakifungi, lakini nilikuwa najifariji.) Sasa wawindaji wamebaki wachache. Wengine wamevuka mpaka. Mwingine mnajua. Basi kapteni akaamua: Rajabu naye apewe bunduki, Alhamisi ashuke garini, atembee kwa miguu kama wanaume wenzake. Ni huko Nakasongola, kuna nyati wanalala kwenye mihogo ya watu, na dume mmoja ameshamtoboa mtu tumbo. Hayo ndiyo mawindo yangu ya kwanza. Wenzangu walianza na kwale.

Asubuhi nikaenda stoo, kule Port Bell, kuchagua bunduki. Mzee Ramadhani, mtunza stoo, alikuwa amezipanga juu ya meza. Huyu mzee ni wa kwetu Bombo, amenijua tangu sijaanza kuvaa suruali. Akaniambia, "Chagua taratibu, mwanangu. Bunduki ni kama kiatu. Ikikubana hapa, huko porini itakuua."

Nikajaribu hii, nikajaribu ile. Nikapata moja, jamani, nyepesi, imekaa begani vizuri. Nikaikoki, ikateleza kwa mafuta. Nikasema moyoni, kwa hii hata nyati akija na shemeji zake, waje tu.

Ndipo nikaiona ya Opio, mwindaji mwenzetu. Ilikuwa imesimama kwenye kona, peke yake.

Nyinyi hamkuwahi kuishika, kwa hiyo niwaeleze. Opio alikuwa mtu wa kushoto. Ni mtu wa kushoto. (Nikisema "alikuwa" tena, mnisahihishe.) Bunduki hizi za kawaida zina kishikio cha kukoki upande wa kulia. Mtu wa kushoto akipiga risasi ya kwanza, inabidi avushe mkono juu ya bunduki ndipo akoki ya pili, na nyati hana subira hiyo. Kuna siku nyati alimpita karibu mpaka pembe ikamchana shati. Baada ya hapo yule Mhindi aliyekuwa na duka la bunduki Old Kampala akamwagizia hii. Kishikio kiko kushoto, hata kitako kimechongwa kwa shavu la mtu wa kushoto. Ilikaa sana mpaka kufika. Siku ilipofika, Opio alipanda nayo mbele kwenye lori langu, akaipakata mpaka nyumbani, huku akinisimulia habari zake utadhani ni bibi harusi. Haikupita muda, Mhindi na wenzake wakaambiwa waondoke nchini. Duka lile leo linauza ndoo. Nyingine kama hii hatutaipata.

Filda, mke wa Opio, aliuzungushia mkanda wa bunduki kipande cha gauni lake jekundu la gomesi, usimkate mumewe bega. Bado kipo. Kimefubaa tu.

Mzee Ramadhani akaona ninakotazama. Akasema, "Hiyo iache. Ni ya kushoto. Haina mtu. Kesho inapelekwa kambini, na huko wakikosa wa kuitumia wataikata wachukue vyuma."

Haina mtu.

Jamani, mimi nilikuwapo. Opio alikuwa kwenye foleni ya sabuni, mchana kweupe, na mimi nimekaa kwenye lori ng'ambo ya barabara nikimngoja. Moja ya yale magari yasiyo na namba likasimama. Wakashuka wawili wenye miwani myeusi, wakamwambia kitu, akapanda. Hakupiga kelele. Alinitazama tu na kutikisa kichwa, kwamba nisishuke. Sikushuka. Tangu siku hiyo hakuna aliyetuambia amekufa, wala aliyetuambia yu hai. Filda ameulizia mpaka akaonywa asiulize. Na mimi kila ninapokwenda kumwona sina la kumpa isipokuwa neno moja: "Shemeji, bunduki yake ipo stoo, inamngoja." Neno hilo ndilo analolalia na kuamkia. Sasa kesho nikamwambie nini?

Basi mdomo ukaniponza kichwa. Nikajisikia nasema, "Nitachukua hiyo. Mimi ni wa kushoto."

Mzee Ramadhani akavua miwani. "Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, Mzee. Nilikuwa naficha."

"Rajabu, mimi nimekula na wewe sahani moja zaidi ya mara mia."

"Ndiyo kuficha kwenyewe."

Akanitazama. Akautazama ule mkanda wenye kitambaa chekundu. Nadhani alielewa, maana macho yake yalibadilika, lakini mzee yule hasemi la moyoni mbele ya kuta. Akaichukua bunduki akanipa, akasema kwa sauti kubwa ili waliokuwa nje wasikie, "Haya, mtu wa kushoto, pokea." Mimi, mtoto wa Bombo, niliyefundishwa kwamba kitu cha mtu mzima hupokelewa kwa kulia, nikanyoosha kushoto. Mungu anisamehe.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini wakaleta chai. Chai kavu, sukari mnajua iko wapi, na muhogo wa kuchemsha. Wenzangu wote wamekwisha kusikia kwamba Rajabu ni wa kushoto, wamekaa wananitazama. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikala muhogo kwa mkono wa kushoto. Nikauona uso wa Mzee Ramadhani, anageukia dirishani. Mkono wenyewe haujazoea, muhogo ukanipita mdomo ukaingia shavuni. Chai nikaimwagia shati. Na katikati ya hayo, kapteni akaingia.

"Wewe dereva," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "tangu lini nakula na mkono ya choo?"

"Nilizaliwa hivyo, afande. Mama alinifunga kitambaa mkononi nikiwa mtoto, nikawa naogopa."

Akafikiri. Kisha akasema, "Sasa serikali nafungua wewe. Twende kwa shabaha, mimi naona."

Tukaenda Luzira, kwenye uwanja wa shabaha wa askari magereza, ule ulio nyuma ya ukuta wa gereza kubwa. Mbele ni ubao wa shabaha, nyuma yake tuta la udongo, halafu ziwa. Kapteni akawekewa kiti. Wenzangu wakajipanga nyuma yake. Nikaweka bunduki ya Opio begani, bega la kushoto, ambalo maisha yake yote halijabeba hata kikapu. Nzito, ndugu zangu. Ile ni ya nyati kweli. Kichwani nikawa najiambia: kushoto, Rajabu, kila kitu kushoto.

Nikafumba jicho. Tatizo ni kwamba nilifumba lile ninalolifumba siku zote, la kushoto, ambalo ndilo lililokuwa nyuma ya mtutu. La kulia likabaki wazi. Sikuona shabaha, sikuona tuta, niliona mbao za kitako tu. Nikasema potelea mbali. Nikafyatua.

Risasi imekwenda wapi sijui. Mzee Ramadhani anasema aliona maji yakiruka ziwani. Mimi sikuona, maana nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye matope. Kidole gumba changu mwenyewe ndicho kilichonipiga pua. Damu ikatoka, kofia ikatoka, na kiatu kimoja kikatoka. (Kiatu sielewi mpaka sasa.) Wenzangu wakaangua kicheko.

Kapteni akainuka kitini, anakuja. Nami kwa hofu nikaruka, nikasimama wima na kiatu kimoja, nikampigia saluti.

Kwa mkono wa kushoto.

Kicheko kikakatika. Niliwasikia wenzangu nyuma wakinyamaza mmoja mmoja. Siku hizi watu hupotea kwa jambo dogo kuliko hilo, na mimi hapo nina damu puani, mkono wa kushoto uko kwenye kipaji cha uso, na sijui niushushe au niuache. Nikakumbuka watoto wangu. Nikakumbuka pia kwamba mke wangu Zaituni ananingoja nimletee mkaa.

Kapteni akanizunguka. Akautazama mkono. Akaitazama pua. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiti. "Huyu ni ya kushoto kabisa!" akasema. "Mpaka akili yake iko kushoto." Alipocheka yeye, wote wakapata ruhusa, wakacheka kwa nguvu kuliko mwanzo, wengine machozi. Nami nikacheka. Usipocheka hapo utacheka wapi?

Akajifuta macho, akasema, "Bunduki chukua. Ni yako. Alhamisi wewe natembea mbele. Ukikosa, nyati nakula wewe."

(Nyati hali watu. Lakini nani amsahihishe kapteni?)

Nikapita Bukoto kwa Filda kabla ya kuja hapa. Kila nikibisha hodi pale, yule mama anafungua mlango na kutazama nyuma yangu kwanza, kama kuna mwingine anakuja. Halafu ndipo ananitazama mimi. Leo alipomaliza kutazama nyuma, akaiona pua.

"Shemeji Rajabu, nani amekupiga?"

"Bunduki ya mume wako."

Nikamweleza yote. Muhogo, jicho, kiatu. Nilipofika kwenye saluti ikabidi nisimame nimwonyeshe, na Filda akacheka. Sijamsikia akicheka tangu siku ya foleni ile. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na kujifunika uso kwa leso, na mimi nikaongeza chumvi ili asiache. Kisha nikaona mabega yanaendelea kutikisika lakini sauti si ya kicheko tena. Nikaushusha mkono wa saluti.

Alipojifuta, akasema, "Kwa hiyo Alhamisi utakwenda kwa nyati na bunduki usiyoiweza."

"Nitajizoeza."

"Mwambie Mzee akupe ile ya kulia. Rajabu, mimi siwezi kungoja watu wawili."

Nikamwambia, "Shemeji, nikiirudisha leo, kesho inakatwa. Na akirudi atashika nini?"

Alikaa pale sakafuni anakunjakunja leso. Halafu akauliza, "Mmepigia wapi?"

"Luzira. Uwanja wa magereza."

"Ule wa nyuma ya ukuta?"

"Huo huo."

"Na ililia kwa nguvu?"

"Shemeji, ile ikilia hata kiziwi anageuka."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi kama yumo humo, ameisikia," akasema. "Anaijua. Alikuwa akiniambia hakuna nyingine inayolia vile Kampala nzima."

Sikuwa nimefikiria. Naapa sikuwa nimefikiria. Nilikuwa naona aibu yangu tu na pua yangu. Nikaaga, nikatoka, nikaendesha lori mpaka hapa sioni barabara vizuri, na si kwa sababu ya uvimbe.

Zaituni ameshasema kuanzia kesho atanifunga mkono wa kulia kwa leso mpaka Alhamisi, hata kula, hata kunawa. Mzee Ramadhani ameahidi kunifundisha jicho. Mkipita mkaniona nakula kwa kushoto msiende kunisema msikitini, nina sababu. Na ikiwa Alhamisi sikurudi, mkamweleze Filda kwa upole, na hiyo bunduki mwichukue nyinyi. Hamisi, wewe utakuwa wa kushoto.

Ila nimekuwa nikiwaza jambo moja. Opio hapigi risasi moja akaacha. Kama yumo nyuma ya ukuta ule, leo amesikia bunduki yake inalia mara moja, halafu kimya, halafu watu wanacheka. Ameshajua si mwindaji aliyeishika. Ameshajua ni mpumbavu gani.

Kwa hiyo nyinyi nyamazeni, mnywe chai. Wa kunicheka ni yeye, na hiyo haki yake nimemwekea.