Bendera Nyekundu, Bahari Imelala

Jumatatu, 3 Machi
Nimepanda cheo! Si mgawa taulo tena. Asubuhi meneja wa hoteli alituita sote, akasema wageni wanalalamika hawajui bahari ikoje. Nani anajua majina ya mawimbi kwa Kiingereza, akae kwenye mnara wa ufukweni ayatangaze kwa kipaza sauti? Bawabu, yule ninayemwita Kidevu kwa sababu hukitanguliza popote aendapo, akasafisha koo. Nikamwahi. Nikasema nayajua yote, hata yale Waingereza wenyewe wameshayasahau. Kivuli, kiti cha kuegemea, filimbi shingoni!

Wakati ananivisha filimbi, meneja akasema, kama anayetaja jambo dogo, kwamba mgeni akizidiwa, mtu wa mnara ndiye wa kwanza kuingia majini. Akauliza kama najua kuogelea. Nikajibu tangu utotoni.

Sijui kuogelea. Naoga kwa kopo, na uso nauosha mwisho. Nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi
Balaa la pili: silijui hata jina moja zaidi ya "wave". Ikabidi nimwendee mama mkwe. Tunaishi naye. Alifundisha Kiingereza mpaka alipostaafu, na hadi leo ananitazama kama zoezi lililojaa makosa. Nikamwambia kuna rafiki yangu anauliza.

Akaweka beseni la maji sakafuni jikoni. Akalipuliza. Hiyo ni "ripple", akasema, maji yamekunja ngozi tu, hata mtoto anaoga. Akainua ukingo wa beseni polepole, maji yakavimba yakapanda bila kupasuka. Hiyo ni "swell": haina kelele, ila inamnyanyua mtu mzima, kwa hiyo waingie wanaojua kuogelea. Kisha akalisukuma kwa nguvu. Maji yakapiga ukingo, yakapasuka, yakamwagika. "Breaker"! Hapo watu wote watoke.

Wakati huo nilikuwa nimeshapanda juu ya kiti. Mke wangu alicheka mpaka akashika mlango. Mama mkwe akauliza, kwa upole wa kutisha, kama huyo rafiki yangu naye anaogopa beseni. Alitaka kuendelea, eti Waingereza wana "wave" ya nywele, ya joto, na ya kupunga mkono. Nikamwambia ahsante mama, rafiki yangu anataka zenye maji tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata njia! Kila siku nitatangaza "breakers". Bendera nyekundu, hakuna anayeingia, hakuna anayezama, na mimi sishuki. Akili hii sijui nimeirithi kwa nani.

Bahari leo ilikuwa imelala kama shuka iliyopigwa pasi. Nikapaza: "Breakers! Breakers!" Wageni wakaitazama bahari, wakanitazama mimi. Mzee mmoja akauliza yako wapi. Nikamjibu yako njiani. Kidevu alikuwa langoni anatabasamu, na tabasamu la Kidevu si la heri.

Jumamosi ya wiki hii wageni wengine wanakuja. Nitawatangazia hao pia.

Alhamisi, 6 Machi
Kidevu amenichoma. Meneja ameniita. Wageni wanataka kuhamia hoteli ya jirani. Kesho atakuja mwenyewe kusimama chini ya mnara, na akiona bendera nyekundu bila wimbi la kupasuka, nirudi nyumbani moja kwa moja, hata taulo sitaziona tena.

Nikitangaza kweli, wataingia, na mmoja akizidiwa nitazama naye. Nikidanganya, kazi sina. Nimeomba upepo. Hata mti haujatikisika.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja alikuwa chini. Bahari ilikuwa inapanda na kushuka taratibu. Mara namwona mama mkwe, kaja kumtazama huyo "rafiki" yangu! Na mwavuli wake. Kidevu kampitisha langoni, tena kwa heshima zote. Nikachanganyikiwa, mdomo ukasema wenyewe: "Breakers!"

Mama mkwe akasimama. Akanipigia kelele kutoka chini kwamba hiyo ni "swell", mtu mzima mimi sioni aibu? Akavua viatu, akaingia majini na gauni lake kutuonyesha. Maji kiunoni. Kifuani. Wimbi likamnyanyua. Akainua mkono.

Anazama! Mama wa mke wangu anazama! Meneja akanitazama. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na mara hii sikuwa najiogopea mimi. Sikumbuki ngazi. Nakumbuka maji magotini, maji kiunoni, kisha mchanga ukaniponyoka miguuni. Nikanywa chumvi. Nikaona giza. Mkono ukanikamata kola na kunivuta mpaka nchi kavu.

Ulikuwa wake. Aliinua mkono kuonyesha wimbi lisivyopasuka, kama anavyoonyesha ubaoni. Wakati natapika mchangani, alimweleza meneja majina yote na matumizi yake. Meneja akanivua filimbi, akamvisha yeye.

Nyumbani mama mkwe alinipakulia mimi kwanza, tena kinofu.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudishwa kwenye taulo, kwa maombi ya mama mkwe. Yuko mnarani, bendera ya njano, wageni wanaoga wanacheka. Nikikunja taulo ovyo ananipulizia filimbi. Kidevu anamwita mkuu.

Nimeapa. Tangu leo nisichokijua nitasema sikijui. Maji yale yamenifunza.

Mchana meneja ametuita tena. Anajenga vizimba vya nyoka kwenye bustani, na anataka mtu wa kuwalisha na kuwaelezea wageni majina ya nyoka hao kwa Kiingereza. Nyoka nawaogopa kuliko bahari. Kidevu akasafisha koo.

Nikamwahi.