Koseti ya Mifupa ya Nyangumi

Anselme Bourdelin, mchuuzi wa kutembeza bidhaa, hakuhitaji kuambiwa. Alimwona Bibi Garon, mjane mwenye duka la nyama ya nguruwe juu ya mlima wa Croix-Rousse, mjini Lyon, akivuta tumbo ndani kila mara mwoka mikate wa jirani alipopita, kisha akiliachia alipotokomea. Pale pale akajua kwamba ile saa ya dhahabu ya marehemu mumewe, iliyoning'inia kifuani mwa mjane, imekwisha kupata mwenyewe mpya.

Kesho yake aliingia dukani na boksi lenye koseti, lile vazi la kubana kiuno ambalo mwanamke wa Lyon angeona afadhali atoke bila viatu kuliko atoke bila hilo. Alieleza, kwa sauti ya padri mazishini, kwamba hii ina mifupa halisi ya nyangumi: ikipata joto la mwili inalainika na kumfuata mtu umbo lake. Kwa kweli nyangumi hakuhusika kabisa. Ndani ya mishono mlikuwa na fito za henzirani, ile miti ya kusukia viti, zilizopakwa rangi nyeusi, na nusu ya wanawake wa mteremko ule walikwisha kuuziwa naye. Bei? Pesa zinafedhehesha urafiki. Ile saa tu ingetosha, ila afanye haraka, treni yake ya Marseille haimngoji mtu.

Bibi Garon aliigeuzageuza koseti.

"Na wewe una kitambi, mwanangu. Hebu ivae niione."

"Mimi mwanaume, mama."

"Na wale maofisa wa jeshi wanaovaa koseti wapate viuno vya nyigu, ni wanawake? Vua koti."

Kukataa ni kuikosa saa. Anselme akavua koti.

Alisahau kwamba koseti hufungwa mgongoni, na aliyeivaa haifikii kamba. Alisahau pia kwamba aliyeshika kamba amekuwa akifunga mapaja ya nguruwe tangu usichana wake. Goti likamkaa mgongoni, kamba ikavutwa. Ufito mmoja ukavunjika kwa mlio, wa pili ukafuata.

"Nyangumi wako analia," alisema Bibi Garon.

"Legeza kidogo, mama. Sipati hewa."

"Hewa utaikuta Marseille. Mdogo wangu Claudine alivunjikiwa na hii yako kanisani, katikati ya ubatizo. Padri alidhani ni ubavu."

Akaifunga ncha ya kamba kwenye ndoano ya nyama kwa fundo lile la dukani lisilofunguka bila kisu, akaweka kisu mfukoni na kutoka kuwaita wenzake.

Kupitia dirishani Anselme aliwaona wakiupanda mlima, wateja wake wote, wima kama nguzo. Hatua moja, wanapumzika. Nyingine, wanapumzika tena, maana hakuna aliyeweza kuvuta pumzi kamili ndani ya bidhaa yake. Naye, amesimama kati ya mapaja ya nguruwe huku macho yakianza kumtoka, kwa mara ya kwanza maishani alijuta kwa dhati kutowauzia kitu bora. Wangefika upesi kumkata kamba.