Mama Chachu na Vita vya Nukta Mkate

Jongeeni, enyi mlioketi na mliosimama, wenye masikio mawili na wenye moja linalosikia vizuri. Wekeni chini vikombe, wanyamazisheni wanaobishana, maana nataka kuwahadithia vita visivyomwaga damu wala chai, lakini vilivyotikisa ghorofa ya pili ya ofisi ya msajili. Namsifu Mama Chachu, mwokaji wa waokaji, bibi wa tanuri lisilozimika, mwenye vidole visivyoogopa trei ya moto, aliyerithi kwa mama yake duka liitwalo Chachu pamoja na ulimi wa kulilinda.

Basi ilitangazwa kwamba majina ya tovuti yatapata mikia mipya, na mmojawapo ni nukta mkate. Mama Chachu alifurahi hadi akasahau kutia chumvi. Chachu nukta mkate: jina la duka la mama yake, mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Kisha furaha ikamtumbukia nyongo, kwa kuwa alimkumbuka mdogo wake wa kiume, fundi majokofu, ambaye mtaa wote humwita Fundi Barafu. Siku moja, akitafuna mkate wa bure mezani pa dada yake, fundi huyo alisema, "Lakini dada, jina la Chachu si letu sote?" Maneno hayo Mama Chachu aliyameza bila maji. "Kikulacho ki nguoni mwako," akajinenea, na tangu siku hiyo akaacha kupokea simu za mdogo wake.

Vita vikaanza. Kanuni ya kwanza ya msajili wa majina hayo ya tovuti ilinena kwamba anayejiandikisha mapema ndiye mwenye jina, kwani chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mama Chachu akamkimbilia wakala wa usajili, unga ungali mikononi, akajiandikisha. Unga haujakauka, kanuni ikabadilika: kujiandikisha mapema ni kuonyesha nia tu, wala si haki, na haraka haraka haina baraka. Akaenda kwa wakala wa pili, aonyeshe nia kubwa zaidi. Ikabadilika tena: wenye nembo iliyosajiliwa watangulie. Nembo alikuwa nayo, mkate wenye tabasamu uliochorwa na marehemu mama yake, akaipeleka kwa wakala wa tatu, kwani wawili wa kwanza hakuwaamini tena. Mawakala wote walimpokea kwa heshima kuu, na hakuna aliyemuuliza kama ameshapita kwingine.

Hatimaye ikashuka kanuni iliyozimeza kanuni zote: jina likiombwa zaidi ya mara moja, waombaji wataitwa mezani wapatane, pasiwe na anayemjua mwenzake hadi siku hiyo. Wasipopatana, jina litapigwa mnada, na mnadani hakuna muuza mikate aliyewahi kuishinda kampuni kubwa. Mama Chachu akapata wito mara tatu. Akadhani wanamsisitizia.

Siku ya mapambano alivaa aproni iliyopigwa pasi, ndiyo deraya yake, akazipanda ngazi za msajili. Chumbani palikuwa na panga boi lililochoka, meza, viti vinne, na afisa wa usuluhishi akichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Kwenye kiti kimojawapo, bisibisi ikichungulia mfukoni, alikuwa ameketi Fundi Barafu.

"Ewe uliyenyonya ziwa nililonyonya mimi," akanena Mama Chachu, naye hakuketi, "uliyeota joto la tanuri lile tangu hujaota meno, leo umekuja kunipokonya jina lililokulea? Basi jua kwamba nitasimama hapa hadi viti hivi vioze, na mwokaji hajawahi kushindwa kusimama."

Afisa alimsubiri amalize. "Mama, kaa kwanza. Na hao wengine wawili wako wapi?"

"Wengine gani?"

"Maombi yako manne. La kwanza ni la Mama Chachu."

"Ndiye mimi."

"La pili, Mama Chachu."

"Mimi pia."

"La tatu..." Afisa akamtazama. "Lenye nembo ya mkate unaocheka?"

"Huo mkate ni wangu," akajibu kwa sauti ndogo, maana alikwisha kuelewa. Shujaa wetu alikuwa amejizingira mwenyewe pande tatu.

"Na la nne ni la huyu," akasema Mama Chachu, akimnyooshea kidole adui aliyebaki.

"Huyu kajaza tu," akajibu afisa. "Mwenye jina kakuandika wewe."

Fundi Barafu akakuna kisogo. "Walipoanza kubadilisha kanuni nilikupigia, dada, hupokei. Nikajua uko kwenye tanuri. Nikasema ngoja nikuwekee mimi, lisije likakupita. Jina la mama lile, lingeenda kwa mtu baki?"

Mama Chachu aliona haya, haya ya kweli, ikampanda kutoka shingoni hadi masikioni.

"Sasa lazima mpatane," akasema afisa, kwani kanuni ni kanuni. "Matatu yajiondoe, moja libaki. Lolote likibaki, jina ni lako. Lakini kila mwombaji aseme mwenyewe, akiwa kwenye kiti chake."

Mama Chachu akakaa kiti cha kwanza, akatamka, "Nimeshindwa." Akahamia cha pili, akashindwa tena. Kwenye cha tatu alikawia, na afisa akamdokeza kwamba lile lenye nembo ndilo lenye nguvu.

"Nimeshindwa na hapa," akasema Mama Chachu. "Libaki la mdogo wangu."

Walipokuwa wakishuka ngazi, simu ya Mama Chachu ikalia kwa ujumbe: msajili anawatangazia waombaji kwamba kanuni zimebadilika, vikao vya mapatano havihitajiki tena.

"Nani huyo?" akauliza Fundi Barafu.

"Si mtu. Twende ukale."

Na iandikwe, wino usifutike, kwamba siku hiyo Mama Chachu alishindwa mara tatu kabla ya adhuhuri na akatoka na ushindi, wala majemadari wa kale hawakuweza hayo. Chachu nukta mkate ikafunguliwa jioni ile ile, ikiwa na maneno haya tu: ukurasa huu unaandaliwa. Na ulimwengu mzima, yaani Fundi Barafu, ukakesha ukiutazama.